Kosa Dogo Kwenye Bureti, Kosa Kubwa Kwenye K: Mwongozo Kamili wa Titresheni na Konstanti ya Msawazo

Umefanya titresheni tatu, yaani mara tatu umedondosha mmumunyo kutoka kwenye bureti (mrija wenye vipimo) mpaka mmenyuko ukakamilika. Umepata 33.05, 33.10 na 33.10 mL, zimekubaliana vizuri. Unakokotoa konstanti ya msawazo (K, namba inayoonyesha mmenyuko unatulia wapi kati ya vianzio na mazao), na jibu linakuja limepotoka kwa asilimia kumi, au limepungua hadi nusu. Unarudia mahesabu, hayana kosa. Unarudia kusoma bureti, haina kosa. Basi kosa liko wapi?

Mara nyingi liko katika njia inayotoka kwenye ujazo uliousoma hadi kwenye K. Bureti inakupa namba moja tu. Kwa namba hiyo unapata ukolezi wa kitendanishi kilichobaki, kisha kwa kutoa unapata kilichotumika, kisha kwa uwiano unapata mazao yote, na mwisho unavizidisha na kuvigawanya, pengine kwa vipeo. Kosa lililoingia mwanzoni linapita katika kila mlango huo, na kila mlango unaweza kulikuza. Kuna majaribio ambayo kosa la asilimia 1 hubaki asilimia 1, mengine huwa asilimia 3, mengine 20. Mwanafunzi akilijua hilo kabla ya kuingia maabara, atajua aweke uangalifu wake wapi. Asipolijua, atahangaika na tone la mwisho ilhali mmumunyo wake wa besi ndio mbovu.

Mwongozo huu ni kwa anayefanya majaribio ya asidi na besi, ya umumunyifu, ya esta au ya iodini, na ambaye anataka K yake iwe na maana.

Hatua ya 1: Andika K kwa kutumia ujazo peke yake

Kabla ya kugusa chombo chochote, chukua karatasi. Andika fomula ya K, kisha badilisha kila ukolezi uwe kitu kinachotokana na ujazo wa bureti, V. Usiishie kwenye herufi x. Endelea mpaka V ionekane kila mahali inapoingia.

Tuanze na mfano mwepesi. Umeandaa mmumunyo uliokolea kabisa wa hidroksidi ya kalsiamu, umeuchuja, umechukua 25.00 mL kwa pipeti na kuutitreti kwa asidi ya haidrokloriki ya 0.0500 M. Kila Ca²⁺ moja imekuja na OH⁻ mbili, kwa hiyo ukolezi wa Ca²⁺ ni nusu ya ukolezi wa OH⁻. Ksp (K ya umumunyifu) = [Ca²⁺][OH⁻]² inakuwa [OH⁻]³ ÷ 2, ambapo mabano yanamaanisha ukolezi. Na kwa kuwa [OH⁻] inakwenda sambamba na V, Ksp inakwenda na V kwa kipeo cha tatu.

Hapo tayari umejua jambo kubwa: kosa lolote la asilimia ndogo kwenye V litazidishwa mara tatu hivi. Tuone kwa namba. Ukisoma 21.00 mL, [OH⁻] ni 0.0420 M na Ksp ni 3.70 × 10⁻⁵. Ukipitiliza kwa 0.30 mL ukaandika 21.30, [OH⁻] inakuwa 0.0426 M na Ksp 3.87 × 10⁻⁵. Kosa la asilimia 1.4 kwenye bureti limekuwa asilimia 4.3 kwenye Ksp.

Sasa linganisha hilo na kosa la kuchuja. Miligramu 1 ya unga wa hidroksidi ya kalsiamu ikipenya kwenye chujio na kuingia katika flaski, itakunywa karibu 0.54 mL ya asidi hiyo. Ksp yako itapanda kwa takriban asilimia 8. Miligramu moja ni chembe ambazo jicho huenda lisizione katika kimiminika chenye ukungu kidogo. Kwa hiyo katika jaribio hili karatasi ya kuchujia ina uzito kuliko tone la mwisho. Chuja mara mbili, tumia chombo kikavu cha kupokelea, na usichuje taratibu huku chombo kiko wazi, kwa sababu hewa ya ukaa (CO₂) inaingia na kugeuza sehemu ya hidroksidi kuwa kaboneti ya kalsiamu.

Naomba nisimame kidogo hapa, maana ndipo watu wengi wanapojilaumu bure. Ukifungua jedwali la vitabu utaona Ksp ya hidroksidi ya kalsiamu ni karibu 5 × 10⁻⁶, yaani ndogo mara kadhaa kuliko uliyoipata. Tofauti hiyo haikutoka kwenye bureti. Ioni zikiwa nyingi kiasi hicho zinavutana, nyingine zinashikana na kuwa CaOH⁺, na namba ya kitabu imekokotolewa kwa utendaji halisi wa ioni, si kwa ukolezi mtupu. Titresheni yako inahesabu OH⁻ zote. Usibadilishe kipimo ili ukifikie kitabu. Eleza tofauti hiyo katika ripoti, kwa sababu hiyo nayo ni kemia.

Hatua ya 2: Tikisa ujazo uone K inavyoyumba

Huhitaji hesabu ya kalkulasi ili kujua kizidishi cha kosa. Weka fomula yako kwenye lahajedwali au kikokotoo. Ingiza V unayoitegemea, andika K. Kisha ongeza V kwa 0.10 mL, andika K mpya. Gawa mabadiliko ya asilimia ya K kwa mabadiliko ya asilimia ya V. Namba unayoipata ndiyo kizidishi.

Fanya hivyo kwa kila kitu kinachoingia katika hesabu: ujazo, ukolezi wa mmumunyo wa bureti, kiasi ulichoanza nacho, ujazo wa pipeti. Kazi ya dakika kumi. Mimi naiona ni dakika kumi zenye faida kuliko zote katika jaribio zima.

Tuitumie kwenye jaribio maarufu la msawazo: asidi ya ethanoiki na ethanoli zikitoa ethili ethanoeti na maji. Ni mmenyuko ambao Wafaransa Berthelot na Péan de Saint-Gilles waliuchunguza mwanzoni mwa miaka ya 1860 kwa kupima asidi iliyobaki, na ulisaidia kujenga kanuni ya Guldberg na Waage ya mwaka 1864 ambayo leo tunaiandika kama fomula ya K. Kwenye joto la kawaida la chumba K yake ni karibu 4.

Chukulia flaski iliyozibwa yenye moli 0.0500 za asidi, moli 0.0500 za ethanoli, na 2.00 mL za asidi ya haidrokloriki ya 3 M kama kichocheo. Kichocheo hicho kinaleta moli 0.0060 za HCl na takriban moli 0.105 za maji. Maji hayo lazima yaingie kwenye hesabu, maana maji ni mojawapo ya mazao. Ikiisha wiki moja, unatitreti yote kwa NaOH ya 1.000 M. Msawazo ukiwa na K ya 4.00, bureti itasoma 33.08 mL: 6.00 mL za HCl na 27.08 mL za asidi ya ethanoiki iliyobaki.

Sasa tikisa kimoja kimoja.

Ukipitiliza rangi kwa 0.30 mL, K inashuka hadi 3.85. Hilo ni asilimia 3.7 kwa kosa la asilimia 0.9. Ona pia mwelekeo: ujazo umepanda, K imeshuka. Asidi ikionekana imebaki nyingi, maana yake esta imeonekana kidogo, na kila upande wa sehemu unasukuma K chini.

Ukisahau kutoa HCl ya kichocheo, K inakuwa 1.89. Chini ya nusu.

Ukiamini kwamba NaOH ni 1.000 M kumbe imeshuka hadi 0.970 M, na HCl ya kichocheo nayo umeipima kwa kuititreti peke yake kwa NaOH hiyohiyo, K inakuwa 3.60. Asilimia 3 zimezaa asilimia 10.

Na hili la mwisho huwashangaza wengi: ukikosea kiasi cha asidi ulichoanza nacho kwa asilimia 1 tu, bureti ikiwa sahihi kabisa, K inapotoka kwa asilimia 4.5. Anayepima 2.86 mL za asidi kwa silinda ya kupimia kisha akabishana na bureti kuhusu nusu ya tone anakagua dirisha huku mlango uko wazi. Pima vianzio kwa mizani, kwa tofauti ya uzito wa flaski iliyozibwa kabla na baada ya kuongeza kila kimiminika.

Hatua ya 3: Panga jaribio ili msawazo uwe mahali pazuri

Kizidishi hakikuandikwa juu ya mmenyuko milele. Kinategemea umechanganya nini.

Chukua hali nyepesi ya esta ambapo vianzio ni moli 1 kwa moja na hakuna maji ya mwanzo. Iite n moli za asidi zilizobaki. K ni (1 − n)² ÷ n², na kizidishi kinakuwa 2 ÷ (1 − n). Theluthi moja ya asidi ikibaki, kizidishi ni 3. Ikibaki nusu, ni 4. Ikibaki asilimia 90, yaani mmenyuko umesogea kidogo tu, kizidishi kinaruka hadi 20. Katika hali hiyo kosa la nusu asilimia kwenye bureti linakuwa asilimia 10 kwenye K, na hakuna uangalifu wa mkono utakaokuokoa.

Sababu ni kutoa. Unapotoa 0.90 kutoka 1.00 unabakiwa na 0.10, lakini kosa halipunguzwi na kutoa. Linabaki lilelile likikaa juu ya namba ndogo. Popote utakapoona katika fomula yako namba mbili kubwa zinazokaribiana zikitolewa, weka alama nyekundu.

Upande wa pili nao una mtego. Asidi ikibaki kidogo sana, kizidishi cha asilimia kinashuka, lakini ujazo wenyewe umekuwa mdogo, na kosa la tone moja limekuwa kubwa kwa asilimia. Ukiliangalia kosa la ujazo usiobadilika, kama tone, K huumia kidogo zaidi mmenyuko ukiwa umefika katikati. Ndiyo maana uwiano wa vianzio unaofaa ni ule unaoacha kati ya theluthi moja na nusu ya kitu unachokititreti.

Mfano wa iodini unaonyesha hatari ya kutoa vizuri zaidi. I₂ + I⁻ ⇌ I₃⁻ hupimwa kwa kutikisa iodini kati ya tabaka la maji lenye iodidi ya potasiamu na tabaka la kimumunyishi kisichochanganyika na maji, kisha kutitreti kila tabaka kwa thaiosalfeti ya sodiamu. Jambo la kwanza la kuelewa: thaiosalfeti haitofautishi I₂ na I₃⁻. Kadiri inavyoimeza I₂, msawazo unarudi nyuma na I₃⁻ inaachia iodini zaidi mpaka yote iishe. Kwa hiyo titresheni ya tabaka la maji inakupa jumla ya vyote viwili, na I₂ huru unaijua kupitia tabaka la pili na uwiano wa mgawanyo (jinsi I₂ inavyogawanyika kati ya matabaka hayo mawili).

Kisha unatoa. I⁻ iliyobaki ni ile ya mwanzo ukiondoa I₃⁻. Ukianza na 0.100 M na I₃⁻ ikawa 0.080 M, umebakiwa na 0.020 M, na kosa la asilimia 1 kwenye I₃⁻ limekuwa asilimia 4 kwenye I⁻, jumla asilimia 5 kwenye K. Ukipunguza iodini mpaka I₃⁻ iwe 0.010 M, kosa hilohilo linaigusa I⁻ kwa asilimia 0.1 tu. Iodidi ya ziada inanunua usahihi, na ni rahisi kuliko bureti mpya.

Hatua ya 4: Tenga kosa la nasibu na kosa lenye mwelekeo

Kosa la nasibu hukuyumbisha huku na kule: leo 33.05, kesho 33.10. Kulirudia jaribio hulipunguza. Kosa lenye mwelekeo hukusukuma upande mmoja kila mara, na kurudia hakulipunguzi hata kidogo. NaOH ya 0.970 M itakupa matokeo matatu yanayokubaliana vizuri kabisa, yote yakiwa na kosa moja. Kukubaliana kwa titresheni kunathibitisha mkono wako umetulia, hakuthibitishi zaidi ya hapo.

Kwa nasibu, jua ukubwa wake. Bureti ya 50 mL ya daraja A ina mipaka ya kosa ya ±0.05 mL, na daraja B mara mbili yake. Tone moja la kawaida ni karibu 0.05 mL. Pipeti ya 25 mL ya daraja A ina ±0.03 mL. Kwa ujazo wa 25 mL, 0.05 ni asilimia 0.2. Kwa ujazo wa 5 mL ni asilimia 1, na ukishaizidisha kwa kizidishi cha 3 au 4 umeharibu kazi. Rekebisha ukolezi wa mmumunyo wa bureti ili utumie kati ya 20 na 40 mL.

Makosa yenye mwelekeo ndiyo yanayostahili muda wako. Haya ndiyo ninayoyaona yakirudi.

Besi iliyokunywa hewa ya ukaa. NaOH ikikaa wazi inatengeneza kaboneti, na nguvu yake mbele ya kiashiria cha fenoftalini inapungua. Isanifishe (upime ukolezi wake halisi) siku ileile kwa potasiamu haidrojeni thalati iliyokaushwa (moli moja ni gramu 204.22), na utumie kiashiria kilekile utakachotumia kwenye jaribio. Tumia maji yaliyokenekwa na kuchemshwa, kisha kupozwa huku chombo kimezibwa.

Kiashiria kisichofaa. Asidi ya ethanoiki kwa NaOH inataka fenoftalini, inayobadilika kati ya pH 8.3 na 10.0. Ukitumia methili oranji, rangi yake imeshamaliza kubadilika kwenye pH 4.4, wakati ni asilimia 30 hivi tu ya asidi iliyomezwa. Hapo K si ya kurekebishwa, ni ya kutupwa.

Kusuuza kinyume. Bureti na pipeti husuuzwa kwa mmumunyo unaoingia ndani yake. Flaski ya koni husuuzwa kwa maji pekee. Bureti iliyosuuzwa kwa maji tu inapunguza nguvu ya mmumunyo wako, ujazo unapanda. Flaski iliyosuuzwa kwa sampuli inaongeza sampuli usiyoihesabu, ujazo unapanda pia. Kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti kikitoka katikati ya kazi, ujazo unapanda tena. Ona jinsi makosa haya matatu yanavyosukuma upande mmoja: katika jaribio la esta yote yanashusha K, katika Ksp ya hidroksidi ya kalsiamu yote yanaipandisha.

Jicho lisilo sawa na mbonyeo wa kimiminika. Hili linaelezwa kijuujuu mno, na wengi hudhani kwamba ukikosea vilevile mwanzo na mwisho makosa yanafutana. Fikiria mtu aliyesimama mbele ya bureti ndefu. Sifuri iko juu ya jicho lake, kwa hiyo anaitazama kutoka chini. Mstari wa jicho unakata kipimo chini ya mbonyeo halisi, na kwa kuwa namba za bureti zinakua kwenda chini, anasoma namba kubwa kuliko ya kweli. Mwisho wa titresheni mbonyeo umeshuka chini ya jicho, anautazama kutoka juu, anasoma namba ndogo kuliko ya kweli. Mwanzo umekuzwa, mwisho umepunguzwa, na tofauti yake imepunguzwa na makosa yote mawili. Makosa hayakufutana, yamejumlishana. Shusha bureti au panda juu ya kitu imara, uweke karatasi nyeupe yenye mstari mweusi nyuma yake, na jicho likae usawa kwa kila usomaji.

Hatua ya 5: Usiruhusu titresheni iusogeze msawazo

Titresheni yenyewe inaondoa kitu kimoja kwenye mchanganyiko, na mchanganyiko wowote ulio katika msawazo utajaribu kukirudisha. Kwa I₃⁻ hilo hutokea papo hapo, na tumeshalihesabu. Kwa esta hutokea polepole, na hapo kasi ya mkono ina maana.

Mwaga mchanganyiko kwenye maji mengi ya baridi kabla ya kuanza. Ubaridi na wingi wa maji vinapunguza kasi ya mmenyuko. Titreti bila kuchelewa. Rangi ya waridi ikitokea na kudumu kwa sekunde 30, simama, soma. Itafifia baadaye, kwa sababu esta inaanza kuvunjwa na besi na kutoa asidi mpya. Asidi hiyo haikuwemo wakati wa msawazo. Kila tone utakaloongeza kuirudisha rangi inayofifia linaishusha K.

Kwenye iodini, adui ni wawili: iodini inaruka hewani, na tabaka la kimumunyishi linaachia iodini yake taratibu. Ziba flaski, tikisa kwa nguvu karibu na mwisho, na weka wanga pale tu rangi imebaki njano hafifu. Ukiuweka mapema wanga unaishika iodini na kuichelewesha, nawe utapitiliza.

Vaa miwani ya kinga muda wote. NaOH ya 1 M machoni ni hatari ya kweli, na mtu anayesoma bureti iliyo juu ya uso wake yuko katika hatari hiyo.

Hatua ya 6: Jua pale titresheni isipokuwa mkosaji

Unapotafuta Ka (K ya asidi dhaifu kuachia H⁺) kwa mita ya pH, njia ya nusu ni ya ajabu kwa uvumilivu wake. Unapata ujazo wa mwisho, unaugawa kwa mbili, na pH ya hapo ni pKa, yaani −log Ka. Tuseme ujazo wa kweli ni 25.00 mL nawe umeuweka 25.30. Utasoma pH kwenye 12.65 badala ya 12.50. pKa inapanda kwa 0.010 tu, na Ka inashuka kwa asilimia 2.4. Tena, ukolezi wa NaOH hauhitajiki kabisa: kinachotumika ni uwiano wa ujazo, kwa hiyo besi iliyosanifishwa vibaya haikudhuru.

Lakini mita ya pH ikikosea kwa 0.05, Ka inapotoka kwa asilimia 12. Ikikosea kwa 0.10, ni asilimia 26. Na anayeikadiria Ka kwa pH ya asidi peke yake, kwa [H⁺]² ÷ C, anaibeba mara mbili: kosa la 0.05 linampa asilimia 26. Kwa hiyo hapa muda wako uende kwenye kusahihisha mita kwa mimumunyo miwili ya bafa inayoizunguka pKa unayoitegemea, kwenye joto lilelile la jaribio.

Hatua ya 7: Toa namba pamoja na mashaka yake

Kokotoa K kwa kila flaski peke yake, usianze kwa kuchukua wastani wa ujazo wa flaski tofauti. Kisha jumlisha mashaka kwa mraba: kila chanzo kizidishe kwa kizidishi chake, kiweke katika kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili cha jumla.

Kwa esta yetu: NaOH imesanifishwa kwa uhakika wa asilimia 0.5, kizidishi chake ni karibu 3.4, hiyo ni 1.7. Ujazo, ambao ni tofauti ya titresheni mbili (ya mchanganyiko na ya kichocheo peke yake) zenye mashaka ya 0.05 mL kila moja, unachangia 0.9. Asidi ya mwanzo iliyopimwa kwa mizani kwa uhakika wa asilimia 0.2 inachangia 0.9. Jumla ni karibu asilimia 2.1. Andika K = 4.0 ± 0.1. Kuandika 3.9997 ni kudai jambo ambalo vyombo vyako havikulisema.

Angalia pia ni nani ameshika usukani: ni usanifishaji wa besi. Ukitaka K bora, rudia kusanifisha, si kutitreti mchanganyiko mara ya nne.

Hatua ya 8: Ihoji K kwa mchanganyiko wa pili

Mashaka uliyoyahesabu hayaoni kosa lenye mwelekeo ambalo hukulijua. Kuna jaribio linaloliona.

Wengi hufundishwa kuanza flaski moja kutoka upande wa asidi na ethanoli, na nyingine kutoka upande wa esta na maji. Ni vizuri, lakini linajibu swali jingine. Likikubaliana linakwambia msawazo umefikiwa. Moli 0.0500 za esta na jumla ya moli 0.155 za maji (yale ya kichocheo yakiwemo), pamoja na HCl ileile, zinaishia kwenye mchanganyiko uleule kabisa, bureti inasoma 33.08 ileile, na NaOH ya 0.970 M inakupa 3.60 pande zote mbili. Pande mbili zinakubaliana juu ya jibu lisilo sahihi.

Badilisha uwiano badala yake. Andaa flaski yenye moli 0.0500 za asidi na moli 0.1000 za ethanoli, kichocheo kilekile. Kwa K ya 4.00 bureti itasoma karibu 23.00 mL. Kama NaOH yako ni 0.970 M nawe hujui, flaski ya kwanza itakupa 3.60 na hii 3.77. Kama umesahau HCl, ya kwanza inatoa 1.89 na hii 2.12. K ya kweli haitegemei ulianza na nini kwenye joto moja, kwa hiyo inapopanda kadiri ethanoli inavyoongezeka, kuna kosa linaloongeza asidi yako. Ikipanda kidogo namna hiyo, kasanifishe besi upya. Ikipanda huku namba zote ziko karibu na 2, fungua daftari uangalie kama ulitoa 6.00 mL za kichocheo.